Somo la Leo: Kila Jina na Kipimo Chake
Hifadhidata ni daftari kubwa ndani ya kompyuta, nalo husomwa na watu wengi pamoja. Mmoja akiuliza bila kupumzika, wengine hungoja, kama bombani penye mtu mwenye madebe 20. Kwa hiyo, katika programu ya MySQL, msimamizi huweza kumwekea kila mtumiaji kipimo cha maswali kwa saa. Akiandika 100, swali la 101 hukataliwa mpaka saa ile iishe. Lakini angalieni sifuri! Hapa maana yake si kunyimwa, bali ni kuachiwa bila mpaka. Tena, kipimo hufuata jina la kuingilia, si mtu: makarani wawili wakitumia jina moja, hula fungu moja, na wa pili huenda akalikuta limekwisha kabla hajauliza neno.