SHIMESIKIO: KOMPYUTA NDOGO NYUMA YA SIKIO



Ndugu msomaji, kusikia ni miongoni mwa neema zilizotajwa katika Sura An-Nahl, aya ya 78, pamoja na kuona na nyoyo. Mwanafunzi wa madrasa anaihitaji neema hii kila siku, kwani kisomo hupokewa kwa sikio kutoka kinywani mwa mwalimu. Basi itakuwaje kwa mtoto ambaye sikio lake halipokei yote? Mara nyingi huitwa mkaidi au mzito wa kufahamu, akaadhibiwa kwa kosa lisilo lake.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia, wadogo au mkubwa, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Moja ya huduma hizo ni shimesikio, kifaa ambacho wengi hukiita mashine ya sikio. Watu wengi hudhani kazi yake ni kukuza sauti tu, mfano wa spika za msikitini. Katika makala hii tutaona kuwa sivyo.

SIKIO LINAVYOSIKIA

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Huingia kwenye tundu la sikio na kuitikisa ngoma ya sikio. Nyuma ya ngoma vipo vifupa vitatu vidogo vinavyoupeleka mtikisiko ndani zaidi, mpaka kwenye kiungo chenye majimaji kilichojikunja kama konokono. Humo mna seli kiasi cha 15,000 zenye vinyweleo. Hizo huugeuza mtikisiko kuwa ishara ya umeme, na mshipa wa fahamu ukaipeleka kwenye ubongo.

Seli hizi zimegawana kazi. Zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, na zilizo mwisho wa ndani hupokea sauti nene. Zikifa, haziotі tena. Huharibiwa na uzee, kelele kali, baadhi ya maradhi kama homa ya uti wa mgongo, na baadhi ya dawa kali. Mara nyingi zinazotangulia kufa ni zile za sauti nyembamba.

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Irabu kama a, o na u zina nguvu na hubebwa zaidi na sauti nene. Konsonanti kama s, f na th ni hafifu na nyembamba. Kwa hiyo mgonjwa husikia kuwa anasemeshwa, lakini hatofautishi "saa" na "faa". Katika kisomo hawezi kupambanua Sini na Thaa, hata mwalimu akirudia mara kumi. Kumpigia kelele hakumsaidii, kwani zinazozidi nguvu ni irabu, na herufi alizozikosa anaendelea kuzikosa.

HISTORIA KWA UFUPI

Mwaka 1898 Miller Reese Hutchison wa Marekani alitengeneza kifaa cha kusikia kinachotumia umeme, kilichoitwa Akouphone. Vifaa vya zamani vilikuwa vikubwa na betri zake nzito. Transista ilivumbuliwa mwaka 1947, na kufikia mwisho wa mwaka 1952 vifaa vya kusikia vyenye transista vilianza kuuzwa. Mwaka 1996 yakaingia sokoni mashimesikio ya dijitali kamili ya kuvaa sikioni, na hapo ndipo kifaa kilipoacha kuwa kikuza sauti tu.

NDANI YA SHIMESIKIO

Shimesikio la kisasa lina sehemu kuu nne: maikrofoni, ambazo aghalabu ni mbili, chipu ya kompyuta, spika ndogo sana, na betri. Maikrofoni hupokea sauti, chipu huigeuza kuwa tarakimu na kuifanyia hesabu, kisha spika huirudisha kuwa sauti ndani ya sikio. Yote haya humalizika kwa muda mfupi sana, kwa kawaida chini ya sehemu 10 kati ya 1,000 za sekunde. Chipu hufanya kazi zifuatazo:

Kwanza, huigawa sauti katika mafungu, kuanzia nene hadi nyembamba, na kukuza fungu lile tu ambalo sikio la mwenyewe limepungukiwa.

Pili, hukuza mnong'ono kwa wingi na sauti kubwa kwa uchache, ili mlango ukibamizwa usimuumize mvaaji.

Tatu, hutazama sauti imetoka wapi. Sauti ya mtu aliye mbele hufika kwenye maikrofoni ya mbele kabla ya ile ya nyuma. Kwa tofauti hiyo ndogo, chipu hupunguza sauti za nyuma.

Nne, hupunguza makelele. Maneno hupanda na kushuka haraka, lakini mngurumo wa feni hauna mabadiliko. Chipu hulitambua hilo na kuupunguza.

Tano, huzuia ule mlio wa filimbi unaotokea sauti ya spika inaporudi kwenye maikrofoni.

MAMBO YA KUZINGATIA

1. Mtoto akiuliza "nini?" kila mara, akitazama sana midomo ya watu, au asipoitika anapoitwa kutoka nyuma, apelekwe hospitali kupimwa kabla ya kulaumiwa. Huenda ni nta au usaha tu, na hayo yana tiba.

2. Shimesikio hupangwa kwa vipimo vya sikio la mtu mmoja, kama miwani. La bibi halimfai mjukuu, na linaweza kumdhuru kwa sauti kubwa mno.

3. Siku za mwanzo kila kitu husikika kikali, hata mlio wa sahani. Ubongo huhitaji wiki kadhaa kuzoea. Wengi hulitupa kabatini mapema, wakapata hasara.

4. Maji na jasho huliharibu. Livuliwe kabla ya kuoga na kabla ya kupaka maji masikioni wakati wa kutawadha, kisha masikio yakaushwe ndipo livaliwe tena.

5. Betri ndogo za zinki hufanya kazi kwa hewa. Ukishabandua kibandiko chake, imeanza kutumika. Ziwekwe mbali na watoto, kwani kuzimeza ni hatari.

6. Hata mwenye shimesikio humsikia vizuri zaidi anayesema naye uso kwa uso, kwa utulivu. Darasani akae mbele, karibu na mwalimu.

Tukumbuke pia kuwa shimesikio hutegemea seli zilizobaki hai. Zikiwa zimekufa karibu zote, kukuza sauti hakufai. Baadhi ya wagonjwa hao hupandikizwa kwa upasuaji kifaa kinachopeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa kusikia. Nchini Tanzania, huduma hiyo ilianza katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017. Wengine hutumia lugha ya alama, nayo ni lugha kamili.

Hivyo basi, wazazi na walimu, mtoto asiyeitika tusimhukumu kabla ya kulipima sikio lake. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akivaa shimesikio msimcheke. Anafanya juhudi kubwa kuisikia ile herufi ambayo nyinyi mnaisikia bila taabu.

Wabillahi tawfiq.