Skauti Rumonge: kamba mbili, fundo moja

Tuliporudi Rumonge mwaka 2008 tukitokea Mishamo, Tanzania, mwanangu alikuwa na miaka 12. Kifaransa hakujua, na Kirundi chake kilichekwa darasani. Baba yangu alikimbia kutoka hapa mwaka 1972. Michikichi yake tuliikuta ikivunwa na familia nyingine. Sisi watu wazima hatukusalimiana.

Jirani akaniambia, "Mpeleke kwa skauti." Nikasita, nikidhani ni siasa nyingine. Kumbe miaka ile skauti wa Burundi, Rwanda na Kongo walikuwa na mradi wa pamoja, Amahoro Amani, wa kuwafundisha vijana kukataa chuki za kikabila. Amahoro ni amani kwa Kirundi. Jina lasema neno moja kwa lugha mbili.

Jumamosi ya kwanza mwanangu alifundishwa fundo la kuunganisha kamba mbili. Kamba ya pili ilishikwa na kijana wa familia ile ile iliyokaa shambani kwetu. Fundo hilo halikazi mpaka wote wawili wavute. Baada ya miezi michache mwanangu alikuwa akipiga Kirundi bila woga, na mwenzake akipatana bei ya ndagala kwa Kiswahili na wafanyabiashara wa Kigoma.

Shamba hatukurudishiwa lote, tuligawana. Sisemi kwamba skauti ndio waliotupatanisha. Ila siku ya kupima mpaka, walioshika kamba ni vijana wale wawili, na hakuna mzee aliyethubutu kuinua panga mbele yao.