WAZALENDO WA KONGO: JINA ZURI, KAZI NZITO

Ndugu msomaji, nikikuuliza mzalendo ni nani, utanijibu upesi kwamba ni mtu aipendaye nchi yake. Lakini kule mashariki mwa Kongo, ukisema "Wazalendo" watu huwafikiria vijana wenye bunduki.

Waasi wa M23 walianza vita upya mwishoni mwa mwaka 2021 huko Kivu ya Kaskazini. Jeshi likalemewa. Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi aliwahimiza vijana wajiunge na jeshi na waunde vikundi vya ulinzi. Vikundi vya wapiganaji vilivyokuwako tangu zamani navyo vikasimama upande wa serikali, vikaitwa Wazalendo. Mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya jeshi la akiba ili viingizwe humo.

Sasa shida iko wapi? Vingi ni vya kikabila. APCLS ni cha Wahunde, Nyatura ni cha Wahutu, na mwaka 1993 makabila hayo mawili yaliuana kule Masisi kwa sababu ya ardhi. Tena wapiganaji wengi hawana mshahara, basi huweka vizuizi barabarani na kumtoza mwananchi yule yule waliyeapa kumlinda. Na mji wa Goma ulitekwa hata hivyo, Januari 2025.

Kwa maoni yangu, serikali ikimpa kijana bunduki bila mshahara wala nidhamu, haijapata askari. Nasi hapa Mwanda, kabla ya kumwita mtu mzalendo, tuulize kwanza: anamlinda kila jirani, au ukoo wake tu?