Chanjo ya Mbwa, Kinga ya Mtoto
Kathonzweni, katika Kaunti ya Makueni, anayejitolea kumtetea mbwa anamtetea mtoto pia. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mwaka 1912, na dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Takriban asilimia 99 ya maambukizi kwa watu hutoka kwa mbwa. Mpango wa kitaifa wa 2014, unaolenga kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030, uliiweka Makueni miongoni mwa kaunti za kuanzia. Shabaha yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Hilo halifikiwi bila watu wa kujitolea: wa kupita boma kwa boma kutangaza siku ya chanjo, na wa kumshika mbwa asiyezoea kamba huku mtoto aliyemleta akimtuliza kwa kumwita jina.

Wapo wanaouliza kwa nini tuhangaikie mbwa wakati ukame unatumalizia mbuzi. Swali ni la haki, lakini mlinzi wa mbuzi hao ni nani? Tena kutochanja kuna gharama yake: aliyeumwa na mbwa hulazimika kurudi hospitali mara kadhaa kwa sindano, nauli juu yake. Wengine husema heri mbwa koko wauawe. Kuua hakumalizi ugonjwa: waliochanjwa hufa pamoja na wengine, na nafasi yao hujazwa upesi na watoto wa mbwa wasio na kinga. Tena wengi tunaowaita koko wana wenyewe, wamefunguliwa tu. Chanjo irudiwe kila mwaka; na anayeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.