Nyuki Wakitua Plotini, Usiwachome Moto

Mvua ikishanyesha na miti ikaanza kuchanua, nyuki huongezeka haraka. Ndipo wakaazi wa Matayos huwaona mahali ambapo hawakuwako jana: chini ya paa la duka mjini Busia, ndani ya kisanduku cha mita ya stima, kwenye mwembe ulio karibu na darasa au mahali malori yanapoegeshwa.

Wengi hukimbilia mafuta ya taa, mawe au dawa ya wadudu. Hapo ndipo maafa huanzia. Nyuki aliyechokozwa hutoa harufu inayowaita wenzake waje kushambulia. Mara nyingi anayeumia si yule aliyewasha moto, bali ni mtoto anayepita, mzee asiyeweza kukimbia, au mbuzi aliyefungwa kamba.

Je, wanapita au wamehamia?

Kundi likizidi mzinga, malkia mzee huondoka na sehemu kubwa ya nyuki. Njiani hutua na kuning'inia pamoja kama kishada, huku wachache wakitafuta makao mapya. Nyuki hawa hawana asali wala majana ya kulinda, kwa hivyo huwa watulivu kiasi. Mara nyingi huondoka wenyewe baada ya saa chache au siku mbili tatu. Waondoe watoto na mifugo karibu nao, waonye majirani, kisha uwaache.

Lakini ukiona nyuki wakiingia na kutoka katika tundu moja kila siku, jua wamejenga masega. Hao watapigania nyumba yao, na nyuki wetu wa Afrika Mashariki ni wepesi wa kushambulia kuliko wale wa Ulaya. Usizibe tundu wakiwa ndani, kwani wanaweza kutokea chumbani. Mwite mfugaji wa nyuki mwenye ujuzi na vifaa.

Wanavyohamishwa

Kazi hufanywa jioni, wakati nyuki wengi wamerudi. Mfugaji huvaa ovaroli, glovu na kofia yenye wavu, kisha huwapulizia moshi kidogo. Moshi huo hufunika ile harufu ya hatari, na nyuki hujishughulisha kunywa asali badala ya kudunga.

Masega hukatwa moja baada ya jingine. Yale yenye majana hufungwa kwa uzi kwenye mbao za juu za mzinga mpya, kwa sababu nyuki hawapendi kuacha watoto wao. Malkia akishaingia mzingani, wengine humfuata. Kisha mlango hufungwa kwa wavu unaopitisha hewa, na mzinga husafirishwa usiku.

Umbali ni muhimu. Nyuki hukumbuka njia ya nyumbani, na wakipelekwa mita mia chache tu watarudi pale pale. Ni vyema wahamishwe angalau kilomita 5. Mwenye plot naye akwangue nta yote iliyobaki na kuziba tundu kwa saruji, la sivyo harufu italeta kundi jingine.

Kundi lililopigwa dawa ya wadudu halifai kuhamishwa, na asali yake isiliwe wala kuuzwa.

Kwa nini tujisumbue?

Alizeti, maboga, matikiti na maembe yanayouzwa katika masoko yetu huhitaji wadudu wa kubeba chavua, na nyuki ndiye mkuu wao. Kundi lililookolewa mjini huwa mtaji wa mfugaji kijijini: asali, nta na mavuno bora kwa majirani zake.

Ukishambuliwa

• Funika uso, kimbia moja kwa moja hadi ndani ya nyumba au gari, kisha ufunge mlango. Usipunge mikono wala kujitosa majini, nyuki watakungoja.
• Ikiwa ni salama, fungulia mifugo kamba.
• Toa miiba mara moja kwa kukwangua kwa ukucha. Kadiri unavyochelewa, ndivyo sumu inavyozidi kuingia mwilini.
• Osha kwa maji na sabuni, kisha weka kitambaa chenye maji baridi.
• Nenda hospitali bila kukawia ukipumua kwa shida, uso au ulimi ukivimba, ukisikia kizunguzungu, au ikiwa umedungwa mara nyingi. Mtoto mdogo asisubirishwe nyumbani.

Kwa dharura, piga simu 999 au 112.

Ukiona nyuki katika shule, soko au plot yako, zuia watu kukaribia, kisha umjulishe chifu au afisa wa mifugo wa eneo lako akuelekeze kwa mfugaji wa nyuki. Kungoja hadi jioni ni bora kuliko kuwasha kiberiti mchana watu wakiwa wengi.