Saa ya mkononi haipimi moyo wa mwogeleaji, huukadiria

JUMAMOSI iliyopita, rafiki yangu aliibuka majini kwenye ukingo wa kidimbwi cha kuogelea, akaninyoshea mkono wenye saa. "Mwalimu, hebu ona. Themanini na nne tu! Bado niko sawa." Lakini alikuwa akihema, na maneno yalimtoka vipande vipande. Baada ya kuugua moyo mwaka jana, daktari alimruhusu kuogelea kwa sharti kwamba asipitishe mapigo 120 kwa dakika. Nilimwekea vidole viwili shingoni, kando ya koo, nikahesabu kwa sekunde 10. Nilipata mapigo 22. Zidisha kwa 6, unapata 132.

Nilimwambia atoke majini apumzike, kisha ampigie daktari simu. Njiani kurudi nyumbani nikawa nawaza kwamba kosa la kwanza lilikuwa la kitenzi. Sote husema saa hizi 'zinapima' mapigo ya moyo. Kupima ni kukilinganisha kitu chenyewe na kipimo kinachojulikana, jinsi muuzaji anavyopima sukari kwa mizani. Kukadiria ni kutoa hesabu ya kitu kwa kutegemea dalili zake. (Kukisia nako ni kukadiria bila dalili za kutosha, sitaki kuitukana saa ya watu kiasi hicho.)

Dalili inayotegemewa na saa ni mwanga. Upande wake unaogusa ngozi una vijitaa vya kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hivyo kila moyo unaposukuma damu, mwanga unaorudi kwenye saa hupungua kidogo. Programu huhesabu huko kupungua na kuongezeka, kisha hutoa jibu. Wapo wanaokiita kifaa hicho 'kihisi cha moyo'. Jina hilo linapotosha, kwa kuwa kinachohisiwa hapo ni mwanga.

Nchi kavu, hasa mtu akiwa ametulia, makadirio hayo aghalabu hukaribia ukweli. Majini ni kisa kingine. Maji hupenya kati ya saa na ngozi. Mkono nao hupiga maji bila kukoma, saa ikachezacheza, na programu huweza kuudaka mdundo wa mkono ikaudhania kuwa wa moyo. Maji yakiwa baridi, mishipa midogo ya ngozi hujibana na damu inayopita chini ya saa hupungua.

Mkanda wa kifuani ndio unaokaribia kustahili kitenzi 'kupima', kwani hunasa umeme unaotokana na moyo wenyewe kila unapopiga. Hata huo una taabu zake. Huteleza mwogeleaji anapojisukuma kutoka ukutani, na mawimbi ya Bluetooth hufifia upesi mno majini. Ndiyo maana baadhi ya mikanda huhifadhi hesabu ndani kwa ndani, kisha huituma kwenye saa mtu akishatoka. Hesabu hizo zitamfaa kocha anayepanga mazoezi ya kesho. Mtu aliyewekewa mpaka na daktari anataka kujua sasa hivi, si baadaye. Wengine hukihamishia kihisi cha mwanga kwenye panja, kikashikiliwa na ukanda wa miwani ya kuogelea. Kichwa hakirushwirushwi kama mkono, na hilo husaidia.

"Kwa hivyo pesa zangu zimeenda bure?" rafiki yangu aliniuliza kwenye simu jioni hiyo. La, nilimjibu. Saa hiyo huhesabu vizuri idadi ya safari zake za kwenda na kurudi kidimbwini, maana hapo mwendo wa mkono ndio hasa inaoutafuta.

Daktari amemruhusu kurudi majini, ila taratibu. Siku hizi kila baada ya safari mbili husimama, akaweka vidole shingoni na kuitazama saa kubwa ya ukutani kwa sekunde 10.