Jua Likizama Rio de Janeiro

Rio de Janeiro, jua likizama, watu hulipigia makofi. Huwakuta juu ya mwamba wa Arpoador, ulioingia baharini kati ya fukwe za Copacabana na Ipanema, vijana kwa wazee, wengine bado wanachuruzika maji ya chumvi. Duara jekundu likigusa bahari mazungumzo hupungua. Likishamezwa lote, makofi huanzia mwambani na kushuka hadi mchangani. Husimuliwa kuwa desturi hii ilianza mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuna sheria wala dini inayoiamuru. Mtoto huwakuta wazazi wake wakipiga makofi, naye akapiga.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tumezoea magharibi isiyohama: mwaka mzima jua huzama mnamo saa kumi na mbili, lichelewe au liwahi kidogo tu. Rio iko kusini sana, na machweo yake hufuata majira. Mwezi Juni jua hutua saa kumi na moja na robo, tena nyuma ya milima. Kiangazi, kati ya Desemba na Februari, hukawia hadi karibu saa moja kasorobo, likatua baharini kwenyewe, kando ya mlima wa vilele viwili uitwao Dois Irmãos, yaani Ndugu Wawili. Hiyo ndiyo miezi ya makofi mengi.

Saa hizo wauza mate hufanya mzunguko wao wa mwisho. Mate ni chai ya majani ya mti wa Amerika Kusini, na pwani hapo hunywewa baridi. Muuzaji hubeba madumu mawili ya bati yaliyoning'inia mabegani, moja la chai, la pili la maji ya ndimu yenye sukari. Hufungua bomba hili, kisha lile, akakuchanganyia upendavyo. Ukipiga mafunda mawili matatu, hukuongezea bila malipo. Huuza na biskuti za Globo, pete nyeupe za wanga wa muhogo zinazoyeyuka mdomoni. Kwa mwendo wake wa haraka usiomwaga kitu, na kwa namna anavyonadi, hana tofauti na muuza kahawa wa Mji Mkongwe.

Ndugu Wawili wakishakuwa weusi, taa za Vidigal, mtaa wa wanyonge uliopanda ubavuni mwa mlima huo, huanza kuwaka. Wageni huzipiga picha. Wapishi, mayaya na wafagiaji wa nyumba za Ipanema ndio wanaopanda huko jioni, kwa pikipiki na vibasi, kwenda kupika chakula chao wenyewe.

Jumatatu usiku watu huelekea Pedra do Sal, karibu na bandari, penye ngazi zilizochongwa katika mwamba. Zamani watumwa walishusha chumvi hapo. Wapiga samba huketi kuzunguka meza, wenye matari na wenye cavaquinho, gitaa dogo la nyuzi nne, na umati husimama ukiwazingira na kuitikia. Hapana jukwaa, wala huwezi kusema nani ni msanii na nani ni mtazamaji. Si mbali na hapo iko gati ya Valongo, iliyofukuliwa mwaka 2011 na kutambuliwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2017. Waafrika wanaokadiriwa kufika 900,000 walishushwa hapo. Wengi walitoka Kongo na Angola, lakini wamo pia waliopakiwa Kilimane na Kisiwa cha Msumbiji, upande huu wetu wa bara.

Kwangu mimi, usiku wa Rio uko msituni zaidi kuliko pwani. Msitu wa Tijuca umo ndani ya jiji, na barabara ya Alto da Boa Vista hupita katikati yake. Kiangazi, giza linapoanza kuingia, nyenje hulia hadi sauti ya magari ikazama. Mifenesi imejaa humo kiasi kwamba wahifadhi huilalamikia kwa kuibana miti ya asili. Kwenye kona iitwayo Curva do S, waumini wa Candomblé na Umbanda, dini za Brazili zenye asili ya Afrika, huweka sadaka zao: maua, mahindi, mishumaa. Oxum, mungu wa kike mwenye mito na maporomoko, ana fungu lake. Siku hizi wengi huweka chakula juu ya majani badala ya vyombo vya kioo na plastiki, ili msitu usichafuke. Ni watu walioonewa mno. Vyombo vyao vitakatifu vilivyonyang'anywa na polisi tangu mwishoni mwa karne ya 19 viliendelea kushikiliwa na polisi, hadi vilipokabidhiwa Makumbusho ya Jamhuri mwaka 2020.

Na msitu wenyewe, sehemu kubwa, ulipandwa kwa mikono. Milima hii ilifyekwa ili ipandwe mibuni, vijito vikapungua, jiji likapata kiu. Mwaka 1861 Mfalme Dom Pedro II aliagiza miti irudishwe, na kazi akakabidhiwa Meja Manuel Gomes Archer. Kwa muda wa miaka 13 ilipandwa miche ipatayo 100,000. Sifa zimemwendea Archer, na si haki kuishia kwake. Waliochimba mashimo na kupandisha miche mgongoni walikuwa watumwa, na majina ya sita kati yao yamehifadhiwa: Eleutério, Constantino, Manuel, Mateus, Leopoldo na Maria. Msomaji, ukijaliwa kufika Rio, panda Tijuca kabla giza halijaingia, na uyataje majina hayo kwa sauti.